Si Tumbo Lililomjibu Mama

Mama alinipigia simu Jumanne moja saa tatu asubuhi, na mimi nilikuwa bado sijalala. Usiku kucha nilikuwa nikiandika makala ya mteja mmoja wa California, maneno 1,500, na alikuwa amenirudishia mara mbili nirekebishe. Tangu mchana wa jana yake nilikuwa nimekula smoki mbili na chapati baridi, kisha vikombe vinne vya kahawa ya unga bila maziwa. Tumbo lilikuwa linawaka kutoka kitovuni hadi kooni.

"Baba, umekula?" mama akauliza. Nimepewa jina la babake, kwa hivyo huniita baba. Swali hilo ndilo hufungua kila simu yake, hata kama kuna msiba wa kutangaza.

"Eeh, nimekula."

Akaniambia mvua imeanza, na kwamba ng'ombe wa jirani aliingia kwa mahindi yetu. Akanyamaza kidogo. Halafu akasema kijana wa mwalimu fulani pale nyumbani amehitimu Ijumaa, akauliza kama nimewahi kufikiria kurudi chuo.

Nikamjibu: "Mama, wewe uliachia darasa la nane. Utanifunza nini kuhusu chuo?"

Nilisikia kuku wakilia upande wake wa simu. Kisha mama akasema, "Haya baba, wacha nikuachie ufanye kazi," akakata.

Sasa, ile makala niliyokuwa nikiandika ilihusu nini? Ilihusu jinsi afya ya tumbo inavyoathiri umakini na hisia za watu wenye kazi nyingi. Sifanyi mzaha. Kwenye aya ya tatu nilikuwa nimeandika kwamba mtu anayeruka milo na kuishi kwa kahawa asishangae akiwa mkali kwa wale anaowapenda. Niliisoma sentensi hiyo baada ya simu kukatika, nikaona nimepata wakili. Ningemwandikia mama ujumbe: si mimi niliyekujibu vile, ni tumbo. Niliuandika kabisa. Sikuutuma, na tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza mambo mawili. Je, ujumbe ule ungekuwa wa kweli? Na kama ni wa kweli, ungetosha?

Tuanze na ukweli wenyewe, kwa sababu hili si porojo za mitandaoni tu. Kwenye kuta za njia ya chakula kuna seli za neva zaidi ya milioni 100. Zinaweza kuendesha usagaji wa chakula bila kungoja amri ya ubongo, ndiyo maana Michael Gershon, mwanasayansi wa Chuo Kikuu cha Columbia, alikiita kitabu chake cha mwaka 1998 The Second Brain, yaani ubongo wa pili. Kati ya tumbo na kichwa kuna neva ndefu iitwayo vagasi. Ungedhani kazi yake ni kushusha amri, lakini nyuzi zake nyingi, takriban 80 katika kila 100, hubeba habari kutoka mwilini kwenda juu. Tumbo huongea kuliko linavyosikiliza.

Halafu kuna bakteria. Mwaka 2004 watafiti wa Japani walichapisha habari za panya waliolelewa bila bakteria yoyote tumboni. Panya hao walipobanwa mahali finyu, miili yao ilimwaga homoni za msongo kwa wingi kuliko ya panya wa kawaida. Walipowekewa aina moja ya bakteria wangali wadogo, walitulia. Mwaka 2017, nchini Australia, watu 67 wenye sonona waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilisaidiwa na mtaalamu wa lishe kubadilisha chakula kwa wiki 12, na lingine likapewa mtu wa kuzungumza naye tu. Katika kundi la chakula, kama thuluthi moja walipona dalili zao. Katika lile lingine, 8 kwa kila 100. Ni utafiti mdogo, lakini si wa kupuuza.

Na Kiswahili nacho kilikuwa kinajua. Gazeti likitaka kusema wanasiasa wameingiwa na wasiwasi, huandika kwamba wako tumbo joto. Neno baya hukata maini. Wahenga walisema shibe mwana malevya, njaa mwana malegeza, yaani aliyeshiba hulewa na mwenye njaa hulegea, na hakuna kati yao anayefikiri sawasawa. Kwa hivyo jibu la swali la kwanza ni ndiyo, kwa kiasi fulani. Tumbo langu lilikuwepo kwenye ile simu.

Lakini kiasi gani? Hapo ndipo mteja wangu ananikumbusha jambo. Makala ilikuwa na ile sentensi maarufu, kwamba karibu 90 kwa mia ya serotonini ya mwili hutengenezwa tumboni. Ni kweli. Mimi nikaongeza kwamba serotonini hiyo haivuki kutoka kwenye damu kuingia kwenye ubongo, kwa hivyo si sawa kusema furaha hupikwa tumboni. Mteja akaniandikia: toa hiyo, inamchanganya msomaji. Chini ya makala kungekuwa na mahali pa kubonyeza ili ununue vidonge vya bakteria wazuri. Nikaitoa. Nikalipwa. Uamuzi huo niliufanya usiku uleule, na tumbo lilelile, bila hasira hata kidogo. Nilikuwa mtulivu kabisa nikiukata ukweli nusu.

Jirani yangu wa mlango wa pili, hapa Kahawa West, aliponiona nimeshika tumbo alitoa hukumu papo hapo: "Hiyo ni alsa, buda. Unawaza sana."

Kama umeishi Kenya, umeyasikia maneno hayo. Ukisema tumbo linakuuma, daktari wa kila ploti atakwambia unawaza. Na kwa miaka mingi madaktari wa kweli pia walisema hivyo: vidonda vya tumbo vinaletwa na wasiwasi, pilipili na kazi nyingi. Waliougua waliambiwa wabadilishe tabia. Kisha Barry Marshall na Robin Warren, wa mji wa Perth, Australia, wakasema vidonda vingi vinasababishwa na bakteria, Helicobacter pylori. Watu walikataa. Mwaka 1984 Marshall akaamua kuwanywa bakteria hao mwenyewe. Siku chache baadaye alikuwa anatapika na tumbo lake limevimba kwa ndani. Mwaka 2005 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel.

Kisa hicho hunifanya niwe mwangalifu na mahubiri. Watu wengi walibebeshwa lawama ya kuwa na roho dhaifu, kumbe mwilini mwao kulikuwa na mdudu wa kutibiwa kwa dawa. Tukisema kila kitu ni tabia ya mtu, tunamwonea.

Nilienda kliniki nikapimwa choo. Nilikuwa nao. Nikapewa antibayotiki za aina mbili na dawa ya kupunguza asidi, siku 14. Moto ukapungua. Nikajiambia, basi, mhalifu amepatikana.

Wiki tatu baada ya kumaliza dawa nilirudi kwa keja usiku, lango limefungwa. Nilikuwa nimelala saa saba usiku uliotangulia. Nilikuwa nimekula ugali, managu na maziwa lala. Mzee wa lango alichelewa kidogo kufungua, na mimi nikamwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Mzee huyo ana umri wa kunizaa. Siku hiyo tumbo langu lilikuwa na mashahidi: halikuwepo mahali pa tukio.

Ndipo nikarudi kwenye simu yangu kutafuta ile Jumanne. Nilitaka kuona nilikuwa nimeongea na nani mwingine asubuhi ile. Saa mbili na dakika arobaini, dakika ishirini kabla mama hajapiga, mteja alikuwa ameniandikia kwamba sentensi zangu zinasomeka kama za mtoto wa shule. Alisema hivyo waziwazi. Na mimi, mwenye njaa, mwenye kahawa nne, mwenye moto kooni, nilimjibu: asante sana kwa maoni yako, nitarekebisha sasa hivi. Nikaweka na kale kasura kanakotabasamu.

Nimeutazama ujumbe huo mara nyingi. Dakika ishirini tu. Njaa ni ileile, bakteria ni walewale, usingizi ni uleule uliokosekana. Kilichobadilika ni mtu aliyekuwa upande wa pili. Mmoja angeweza kuninyima dola, mwingine asingeweza kuninyima chochote, na hata angeweza hangetaka. Kama njaa ingekuwa imeniondolea uwezo wa kujizuia, ningemrukia mteja kwanza, maana yeye ndiye aliyenikosea. Sikumrukia. Uwezo nilikuwa nao, na niliutumia wote kwa mtu anayelipa. Tumbo lilileta hasira. Anwani niliandika mimi.

Nafikiri wengi wetu tuko hivyo. Meneja anakupigia kelele kwenye mkutano, unasema sawa mkuu. Unatoka pale unamfokea makanga, mhudumu wa hoteli, dada wa kazi, mpenzi wako. Kisha unaeleza kwamba siku ilikuwa mbaya na hukuwa umekula. Siku ilikuwa mbaya kweli. Lakini hebu angalia hasira yako ilimpita nani kabla haijatua.

Kuna sababu nyingine ya kutotuma ule ujumbe, na hii ndiyo iliyoniuma zaidi. Niliacha chuo mwaka wa tatu. Nikiulizwa, huwa nasema niliamua kwa akili timamu: niliona digrii haina kazi, kuandika kunalipa, nikajitoa. Ni hadithi ninayoipenda, nimeisimulia hadi imelainika. Nisichosimulia ni kwamba muhula huo nilikuwa na deni la karo na nilikuwa naishi kwa strungi na mandazi. Nilikuwa nasoma ukurasa mmoja mara tatu bila kushika kitu. Mihadhara ya asubuhi nilikuwa nahudhuria huku tumbo likinguruma hadi wa kiti cha mbele wanageuka. Nilisema nimechoka na mfumo. Inawezekana. Inawezekana pia nilikuwa na njaa.

Sasa, ikiwa njaa ndiyo iliyomjibu mama vibaya, kwa nini isiwe njaa iliyoacha chuo? Siwezi kuitwika matendo yangu ya aibu na kubaki na yale ninayojivunia. Mwili uliokuwa chumbani ni mmoja mara zote mbili. Ama yote mawili ni yangu, ama hakuna hata moja. Na kwa kuwa sitaki kuishi kama abiria ndani ya mwili wangu, nachagua yote mawili ni yangu, nikikubali kwamba njaa ilikuwa imeketi kando yangu ikininong'onezea.

Ona hilo linanipeleka wapi. Ikiwa niliamua jambo kubwa hivyo na tumbo tupu, basi ni haki niulizwe tena nikiwa nimeshiba. Swali la mama, lile nililolitemea mate, lilikuwa swali zuri. Na aliyeniuliza ni mtu aliyeuza ndama wawili ili niingie mwaka wa kwanza. Darasa la nane lilimtosha kujua kuulizia chakula kwanza, chuo baadaye.

Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti kuhusu majaji wa Israeli waliokuwa wakisikiliza maombi ya wafungwa kuachiliwa mapema. Mwanzoni mwa kikao, karibu 65 kwa mia ya maombi yalikubaliwa. Kadiri muda ulivyokwenda idadi ilishuka hadi karibu sufuri. Majaji wakienda kula na kurudi, inapanda tena hadi 65. Watafiti wengine walipinga, wakasema mpangilio wa kesi haukuwa wa bahati nasibu, kwa mfano wasio na mawakili walikuwa wakiwekwa mwishoni. Kwa hivyo si lazima iwe njaa peke yake. Lakini tuseme ni njaa. Je, mfungwa aliyeitwa dakika kumi kabla ya chakula atarudi jela akiwa ameridhika kwamba jaji hakuwa mbaya, alikuwa tu hajala? Kifungo chake ni kilekile. Mama yangu ndiye mfungwa wa dakika kumi kabla ya chakula. Maelezo ya tumbo langu hayapunguzi alichosikia.

Hata hivyo, hakuna mtu mwenye akili angesema dawa ni kuwalaani majaji. Dawa ni wapumzike mapema. Hapo ndipo ninapoona maana halisi ya sayansi hii yote. Haifuti lawama, inairudisha nyuma. Ukishajua kwamba njaa hukufanya mkali, wajibu wako hauanzi tena pale unapofungua mdomo kujibu. Unaanza saa kumi kabla, unapoamua kwamba kahawa ni chakula.

Lakini wajibu huo si wa mtu mmoja peke yake. Makala yangu ilimshauri msomaji ale taratibu, mbali na kompyuta, apike nyumbani, alale mapema. Nina rafiki muuguzi. Kuna usiku anabaki na mwenzake mmoja tu kwenye wodi iliyojaa, na chai yake hupoa kwenye dirisha hadi asubuhi. Nitamwambia ale taratibu? Kuna mwingine, mhasibu huko Upper Hill, ambaye chakula chake cha mchana ni chipsi za saa kumi jioni, mkono mmoja kwenye chipsi, mwingine kwenye kipanya. Waendesha bodaboda nao hula wakiwa wamekaa juu ya pikipiki, jicho kwa abiria. Muuguzi akimfokea mgonjwa, kosa ni lake, na yeye mwenyewe hukubali na huumia. Ila kuna mtu aliyepanga zamu ile, naye alikula saa saba kamili akapumzika. Wajibu hupanda ngazi hadi kwake. Waliosoma Tumbo Lisiloshiba shuleni wanakumbuka jinsi shibe ya mmoja inavyoweza kuwa njaa ya mtaa mzima.

Mimi lakini siwezi kujificha nyuma ya muuguzi. Saa zangu ninazipanga mwenyewe. Mama mboga yuko hatua ishirini kutoka langoni, ana managu na terere, na usiku wa ile Jumanne nilitumia saa mbili nikitazama video za watu wakipika chakula nisichokipika. Wala sihitaji vidonge nilivyosaidia kuuza. Mwaka 2021 watafiti wa Stanford waliwapa watu vyakula vilivyochachushwa kwa wiki kumi, wakaona aina za bakteria tumboni zinaongezeka na dalili za uvimbe kwenye damu zinapungua. Nilipoisoma nilicheka. Bibi yangu alikuwa anachachusha uji wa wimbi kwenye mtungi kabla Stanford haijajua jina la kijiji chetu, na Wakalenjin wana mursik yao kwenye kibuyu tangu enzi. Tulikuja Nairobi tukaona ni vitu vya ushamba.

Nilimpigia mama Alhamisi jioni. Nilikula kwanza. Nikamwambia, "Mama, lile neno la Jumanne lilikuwa baya. Nisamehe." Sikutaja kahawa wala makala wala kutolala. Nilihisi kwamba nikitaja tumbo tu, nitakuwa nimemwomba yeye anihurumie mimi, na zamu haikuwa yangu.

"Nilikuwa nishasahau," akasema. Nilijua si kweli, kwa sababu simu hiyo hakuniuliza kama nimekula.

Habari za bakteria nilimwambia baadaye, nikiwa tayari kwenye dawa. Akanigombeza kwa kukaa kimya na maumivu. Jumamosi iliyofuata alinitumia unga wa wimbi na mafungu ya managu kwa matatu, yamefungwa kwa leso yake kuukuu. Siku hizi anauliza tena kama nimekula, na mara nyingi nikijibu ndiyo, ni ndiyo ya kweli.

Kuhusu chuo hajaniuliza tena hadi leo. Nimengoja. Anazungumza juu ya mvua, mahindi, harusi za watu, halafu tunafika mahali ambapo swali lile lingekaa, na mama anapapita kimya kama mtu anayekwepa mbwa aliyewahi kumng'ata. Sidhani atarudi kuliuliza. Ni mimi wa kulianzisha, na nitakula kwanza.